Dole la Marehemu

Kama wiki nzima umekuwa ukikagua madole yako mwenyewe, hauko peke yako. Tulimwacha Kaure karakanani, amekaa juu ya gunia la udongo, kiganjani ana kimkate chekundu cha udongo kilichotoka tanurini asubuhi ile, na katikati ya kimkate kuna alama ya dole gumba.

Dole hilo halikuwa lake. Lilikuwa la baba yake, na baba yake alikuwa kaburini tangu kabla ya mvua.

Kwa anayeingia leo, karibu, sogea hapa, habari ni fupi. Kaskazini kabisa, kule lami inakokata tamaa na maji hufika kwa lori, kuna kilima cheupe. Hakina dhahabu wala vito. Ni udongo tu. Lakini udongo huo ukipita motoni ukabaki mweupe, basi ni udongo wa kaure, wa sahani, vigae na masinki, na mkataba ulisema wazi kwamba kiwanda kitajengwa palepale chini ya kilima, barabara ifike, bomba lifike, wenyeji wawe wabia. Ukipita motoni ukageuka mwekundu, ni udongo wa matofali, na mnunuzi atakipata kilima kizima kwa bei ya asante.

Aliyetakiwa kuuweka motoni ni Kaure. Alifinyanga kimkate kwa mkono wake, akakitia tanurini, na asubuhi alipofungua mlango akakuta wekundu. Alilia. Kisha akaweka sahihi kwenye majibu, kaka yake akayachukua na kukimbilia hotelini, ambako watu walikuwa wanasubiri kusaini mchana huohuo. Ndipo Kaure alipokifuta vumbi kile kimkate ili akihifadhi, akaona dole.

Desturi hiyo ya dole ilikuwa ya baba. Katika karakana yake ya kupima udongo, kila aliyefinyanga kimkate alibonyeza dole gumba katikati kabla hakijakauka. Wino hufutika, lebo huungua, alizoea kusema, lakini dole halina pacha.

Dole la Kaure lilikuwa jembamba, na mkato umelipita katikati kama mstari wa rula. Kovu la sahani. Utotoni alivunja sahani nyingi mno hata baba akasema huyu si mtoto, ni adui wa kaure, na jina likamganda. Hili la kwenye kimkate halikuwa na kovu. Lilikuwa pana, limelalia upande wa kushoto, kwa sababu aliyelibonyeza alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Na mistari yake haikuwa mikali. Lilionekana kama dole lililovalishwa nguo. Kaure aliliona hilo, akadhani ni uzee tu.

Wafu hawafinyangi. Kwa hiyo kimkate hiki kilikuwepo kabla, na yeye alijua kilipokuwa kinakaa.

Alivua aproni akavuka uwanja kwenda nyumbani.

Mama alikuwa chumbani anapiga pasi mashati ya marehemu. Kila wiki aliyafua, akayapiga pasi, akayatundika kabatini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuuliza anamwandalia nani. Kaure alisimama mlangoni mpaka mama alipomaliza kola.

Alimuuliza kilipo kimkate cha baba, kile cha kaskazini.

Hapa lazima nikukumbushe. Miaka mingi nyuma, baba mwenyewe alitumwa kupima kilima kilekile. Alirudi na kimkate hiki chekundu, akakiweka mezani mbele ya wakubwa, akasema: ni udongo wa matofali, msipoteze muda. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu kila siku kwamba dhahabu huvaliwa na mmoja lakini chokaa hulaliwa na wote, kwamba nchi hujengwa na mawe yasiyong'aa, na kwamba kaskazini si jangwa bali ni ghala. Mtu kama huyo akisema ghala ni tupu, nani atabisha? Barabara iliyokuwa imepangwa ikapelekwa kwingine. Kilima kikasahauliwa.

Baba peke yake hakukisahau. Kila kiangazi aliendelea kwenda huko, akisema anatafuta madini ya jasi na ulanga, na kila kiangazi alirudi na vumbi tupu kwenye viatu. Mama alikuwa na mzaha wake juu ya hilo. Jasi ya huko lazima ina miguu, alikuwa akisema, maana mume wangu kila akifika imehama.

Kaure hakuwahi kuamini kwamba baba alikosea kwa uzembe. Aliamini alichukua udongo wa chini ya kilima badala ya wa juu, kosa ambalo lingempata yeyote. Ndiyo maana alililia tenda hii. Alitaka kilima kitoke cheupe, watu wa kaskazini wapate kiwanda chao, na jina la baba lisafishwe kwa mkono wa bintiye.

Mama aliweka pasi kando.

"Nilimpa kaka yako," alisema.

"Lini?"

"Juzi. Alikuja akakaa hapo kitandani. Akasema, mama, sikulia siku ile tulipomzika, nipe kitu chake kimoja nilie nacho." Mama alikunja shati lililokuwa limeshapigwa pasi, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilifurahi, mwanangu. Nilimfungulia kabati mwenyewe."

Kaure alifungua kiganja.

Mama alikitazama kimkate kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu aliuliza swali ambalo Kaure hakulielewa saa ile, na wewe lishike, utalihitaji. Aliuliza kama kimevunjika mahali popote.

Kaure alisema hapana, akauliza kwa nini. Mama akasema basi tu, akachukua shati jingine.

Nje, Kaure alipanda pikipiki ya kukodi akaenda mjini, mkono mmoja umeshika bega la dereva, mwingine umefumbata kimkate kifuani kama mtu anayebeba yai. Njia nzima hakuwaza kilima. Aliwaza kaka yake ameketi kitandani kwa mama, anaomba kitu cha kulilia.

Kaka alikuwa kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha mikutano, anaongea na simu. Shati jeupe, viatu vipya, uso wa mtu aliyekwisha kuhamia kwenye kazi yake ijayo. Alipomwona dada yake alikata simu bila kuaga.

Kaure hakupiga kelele. Alimwonyesha dole.

Kaka alianza kwa kucheka, akasema haoni tofauti, madole yote ni madole. Kaure akambonyezea dole lake mwenyewe kwenye mkono wa lile shati jeupe, na kwa kuwa lilikuwa na vumbi la udongo, alama ilibaki pale, nyembamba, na mstari wake katikati. Akaweka kimkate kando ya alama. Kaka aliacha kucheka.

"Changu kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Kilitoka rangi gani?"

Kaka alitazama mlango wa chumba cha mikutano, kisha sakafu.

"Cheupe," alisema. "Cheupe kama jino."

Alimvuta hadi dirishani akasema yote, kwa sauti ya chini, kwa haraka. Tanuri lilipopoa alfajiri yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulifungua. Mnunuzi alikuwa amemwahidi usimamizi mkuu wa machimbo, nyumba na gari, kilima kikiwa chekundu. Alisema amechoka kuitwa mtoto wa mtaalamu huku yeye mwenyewe akiitwa kijana wa kubeba vifaa. Alisema alijichukia tangu alipomwona Kaure analia asubuhi. Na macho yake, msomaji, yalijaa machozi ya kweli.

"Niache niseme mwenyewe," aliomba. "Tukiingia, nipe nafasi ya kwanza. Ukinitangulia nimekwisha. Nikisema mwenyewe, nitabaki na uso wa kumtazama mama."

Ni kaka yake. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyekuwa akisingizia kwamba sahani kavunja yeye ili mdogo wake asipigwe. Kaure alimpangusa machozi kwa kiganja chenye vumbi, akamwachia alama shavuni pia.

"Tangulia," alimwambia.

Wakaingia.

Meza ilikuwa ndefu, imefunikwa kitambaa cha kijani, na chupa za maji zimepangwa kama askari. Upande mmoja alikaa mnunuzi, Bwana Tai. Waungwana walisema anaitwa hivyo kwa sababu ya tai anazovaa shingoni. Wengine walisema wao walikuwa wanamaanisha ndege.

Upande wa pili alikaa mwenyekiti wa wenyeji wa kilima, mwanamke mnene wa makamo mwenye mkoba mkubwa mapajani. Alikuwa amesafiri kutoka kaskazini kwa lori lake mwenyewe, lori la maji, akiwa usukani. Ndiyo maana kwao walimwita Mama Lori, na hotelini mlinzi alikuwa amekataa kumruhusu kuliegesha mbele, naye akamwambia basi shika wewe funguo ulipeleke nyuma, ukiweza kulipiga gia nitakuoa. Mlinzi akamwachia nafasi.

Mkataba ulikuwa mbele yake. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameuliza maswali, akaomba chai, akaomba chai nyingine, akaulizia choo, na kifuniko cha kalamu hakijatoka. Bwana Tai alikuwa akitazama saa.

Kaka alisimama. Alikohoa, akaomba radhi kwa kukatiza, akasema kuna jambo lazima liwekwe wazi kabla ya sahihi. Kaure, karibu na mlango, alifumba macho kwa shukrani.

"Dada yangu hayuko sawa," kaka alisema.

Kaure alifumbua macho.

Kaka aliendelea kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayefunika mgonjwa shuka. Alisema nyumba yao ina msiba ambao haujapoa. Alisema dada alikuwa kipenzi cha marehemu, na tangu mazishi amekuwa akimwona baba kila mahali, mara kwenye kiti chake, mara kwenye mashati yake, na leo kwenye udongo. Alisema majibu yaliyo mezani yana sahihi yake mwenyewe, aliyaandika akiwa na akili timamu, na kwamba anayoyasema baadaye yachukuliwe kama maneno ya mfiwa. Akamwomba Bwana Tai amwombee kiti.

Kiti kikaletwa.

Hebu fikiria. Huzuni yako mwenyewe, uliyomwonyesha ndugu yako kwa sababu ni ndugu yako, inatolewa mfukoni mwake mbele ya wageni na kuwekwa mezani kama ushahidi dhidi yako. Kaure alikisukuma kiti kando. Hakukaa.

Alieleza. Alisema ukweli wote: tanuri, kimkate, dole, kovu, na maneno ya kaka dirishani. Alisema yale majibu ni ya kimkate kingine, na sahihi yake anaiondoa.

Bwana Tai alicheka kistaarabu.

"Mama, samahani," alisema. "Tuuache mkataba wa kilima kwa sababu ya kidole?"

Mama Lori ndiye aliyejibu. Alikuwa hajacheka.

"Nusu ya watu walionituma hapa," alisema, "watasaini kwa dole, bwana. Kwetu dole si mchezo. Mwache mtoto amalize."

Kaka alikuwa amejiandaa hata kwa hilo. Alimwendea dada yake taratibu, akamtaka akiinue kimkate wote wakione. Kaure alikiinua.

"Tuseme ni kweli," kaka alisema. "Tuseme hicho ni cha marehemu, na dole ni lake. Alikitoa wapi?"

Kaure alijua jibu, na akaona mtego ukijifunga.

"Kilimani," alisema.

"Kilima hikihiki?"

"Ndiyo."

"Na ni cha rangi gani?"

Wote walikuwa wanakiona kimkate. Kilikuwa chekundu. Kilima ni kilekile, moto ni uleule, na mpimaji ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumpinga. Ukikubali dole, umekubali wekundu. Kaka aligeuka kuwatazama wote, na sasa alikuwa haigizi, alikuwa na hasira yake ya kweli.

"Baba alisema ni udongo wa matofali," alisema. "Mimi nimesimama na baba. Huyu anataka amfukue amwambie alikuwa mwongo."

Hilo lilimwingia. Kwa sababu ndilo hasa Kaure hakulitaka. Alitaka baba awe amekosea, basi, kama binadamu. Alikitazama kimkate kilichomlalia kiganjani, akalitazama dole lile pana lililomshika mkono siku ya kwanza ya shule, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kwa nini mistari yake ni hafifu. Alikuwa na vimkate vingine vya baba karakanani, vya zamani zaidi ya hiki. Mistari yake ilikuwa mikali kama imechorwa jana.

Uzee haufifishi udongo uliopita motoni.

Kuna kitu kilikuwa kimelifunika dole lile baada ya kubonyezwa.

Karakanani kimkate hakisomwi kwa juu. Husomwa kwa kuvunjwa. Ngozi hujua kudanganya, baba alimfundisha, ukitaka ukweli omba tumbo. Vimkate vyote huvunjwa. Hiki peke yake hakikuvunjwa kamwe, kwa sababu wakubwa walimwamini mwenye dole, na baada ya hapo kikawa cha kabatini, na baada ya hapo kikawa kumbukumbu, na asubuhi ile Kaure mwenyewe, macho yamejaa machozi, alisaini bila kukivunja.

Mlango ulifunguka nyuma yake. Alisikia pumzi za mtu aliyepanda ngazi kwa haraka, na sauti ya mama.

"Kaure, usikivunje."

Mama alikuwa amekuja na ndara za nyumbani. Hakuna aliyekuwa amesema neno kuvunja.

Kaure alimtazama mama yake. Kisha akafanya kile alichopewa jina kwa ajili yake. Alikipiga kimkate kwenye ukingo wa meza, mara moja, na kikapasuka vipande viwili juu ya kitambaa cha kijani.

Ndani kilikuwa cheupe.

Kilikuwa cheupe kama nazi, cheupe chote, na wekundu ulikuwa ganda tu kwa nje, jembamba kama ngozi ya kitunguu. Mtu alikuwa amekifinyanga kwa udongo wa kilimani, akakibonyeza dole, halafu akakipaka tope jepesi la udongo mwekundu kabla ya kukitia motoni. Si bahati mbaya. Si udongo wa chini badala ya wa juu. Ni kazi ya mkono uliotulia.

Kaka alikiokota kipande, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha. Alikuwa ameiba uongo akidhani ni ukweli, na sasa hakuwa na lolote kati ya hivyo viwili.

"Baba," alisema, kama mtoto anayeita gizani.

Bwana Tai alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema mambo ya familia yamaliziwe nyumbani, akausogeza mkataba karibu na Mama Lori, akamwomba waendelee. Mama Lori aliitazama kalamu yake. Akaitumbukiza mkobani ikiwa na kifuniko chake vilevile.

"Sikuwa nimekuja kusaini," alisema. "Nilikuja kuona kama binti atarudia uongo wa baba yake. Asubuhi niliposoma majibu nikasema, haya, damu ni damu. Nikaomba chai, ili nimpe nafasi." Alimtazama Kaure, na uso wake ulilainika. "Umechelewa, lakini umekuja. Kilima hakiuzwi leo. Kitapimwa upya mbele yetu, na wewe ndiye utakayefinyanga."

Ingekuwa hadithi nyingine, hapo tungepiga makofi. Kaure alikuwa ameokoa kilima, na jina lake, kwa pigo moja. Lakini mtazame. Hafurahi. Anavitazama vile vipande viwili, na swali lililo mdomoni mwake ni moja tu.

"Ulijua?" alimuuliza Mama Lori. "Ulijua kwamba alidanganya?"

"Nilijua."

"Kwa nini alifanya hivyo? Alihongwa?"

Mama Lori alitikisa kichwa. Alisema laiti angehongwa, ingekuwa rahisi kumchukia. Hapana. Kiwanda kingejengwa, wangekuja watu kutoka huku, madereva, mafundi, makarani, watu wanaomfahamu. Wangepanga vyumba, wangetembea mitaani jioni, wangemkuta kiangazi ameketi barazani kwa mtu na kusalimiwa kama mwenye nyumba. Barabara inaleta lami, alisema, na inaleta macho.

"Alinyamazisha kilima kizima," alisema, "ili asionekane."

Kaure hakuelewa. Au alielewa na akakataa. Alimgeukia mama, na mama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama ule mkoba mkubwa mapajani mwa Mama Lori, jinsi mtu anavyomtazama nyoka aliyejua siku zote kwamba yumo ndani ya nyumba.

Mama, mwenye mzaha wa jasi yenye miguu. Mama, aliyeuliza kama kimevunjika.

"Mama?" Kaure alisema.

Mama Lori alifungua mkoba, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye leso, akakiweka juu ya mkataba na kukikunjua pembe moja baada ya nyingine. Kilikuwa kimkate. Cheupe, hakikupakwa kitu, kimepita motoni na kinang'aa kidogo kama jino la maziwa. Katikati yake palikuwa na dole pana lililolalia kushoto, na mistari yake mikali kama imechorwa jana.

"Usimwambie," mama alisema.

Lakini Kaure alikuwa amekwisha kuinama. Pembeni ya dole la baba, limebanwa karibu kabisa kama mtu anayeshikwa mkono kuvuka barabara, palikuwa na dole lingine. Lilikuwa dogo mno, la mtoto ambaye pengine hata hakuwa ameanza kutembea.

Nalo lilikuwa limelalia kushoto.